Sukari ya mama ina majibu matatu, tushike lipi?

Swali: Assalam aleikum, daktari. Mamangu ana miaka 58. Alipimwa sukari kwa damu ya kidole hapa Lamu kabla hajafungua kinywa, ikasoma 7.8. Wiki hiyohiyo tukampeleka Malindi, akatolewa damu ya mshipa, vilevile hajala, majibu yakaja 6.6. Mashine ya nyumbani kwa kaka nayo yasema 142! Ni nani aliyekosea? – Msomaji, Lamu

Jibu: Wa aleikum salaam. Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, na huenda hapo hakuna aliyekosea.

Ile 142 isikutishe. Mashine ya kaka inahesabu kwa miligramu kwa desilita, hizo nyingine kwa milimoli kwa lita. Gawanya kwa 18, utapata 7.9. Kwa hiyo inakubaliana na ile ya kwanza.

Kazi iko kwenye 7.8 na 6.6. Kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, cha mwaka 2013 kinaipitisha glukometa, yaani mashine ya kupima sukari kidoleni, ikiwa majibu 95 kati ya 100 hayapishani na sukari halisi kwa zaidi ya asilimia 15, kwa sukari ya 5.6 kwenda juu. Basi ile 7.8 yaweza kuwa ya mtu mwenye 6.8, au mwenye 9.1. Na hapo nasema mashine nzima yenye vijiti vizima, vile vinavyopokea tone la damu. Huku kwetu Pwani kopo la vijiti likiachwa wazi, unyevu unaviharibu upesi. Mwenye upungufu wa damu, mashine nyingi humsomea juu kuliko alivyo. Na aliyetoka kumenya embe, sukari ya kidoleni inaingia kwenye tone la damu. Kupangusa kwa spiriti hakutoshi, anawe kwa maji na sabuni, akauke.

Damu ya mshipa naiamini zaidi, lakini kwa sharti. Ndani ya chupa chembe za damu bado ziko hai na zinaendelea kula sukari, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto huzidisha. Chupa ya kifuniko cha kijivu ina floridi ya kuzizuia, ila nayo huchelewa saa moja au zaidi kabla ya kushika kazi sawasawa. Kwa hiyo 7.4 iliyokaa saa mbili ikingoja umeme urudi yaweza kutoka kwenye mashine ikiwa 6.6. Na mpaka wa kisukari kabla ya kula ni 7.0! Mama yuleyule, damu ileile, upande huu anaitwa mgonjwa, upande ule haitwi.

Mwili wenyewe pia hautulii: homa, usiku bila usingizi, vidonge vya prednisoloni, vyote hupandisha sukari.

Ningekuwa mimi, nisingechagua kati ya hayo majibu. Rudieni damu ya mshipa, mama akae saa 8 au zaidi bila kula (maji anywe), na muulize bila haya: chembe zitatenganishwa na maji ya damu baada ya muda gani? Asiye na dalili hapewi jina la kisukari kwa jibu moja. Ongezeni HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Mpaka wake ni asilimia 6.5 na haihitaji kufunga. Ila kama kwenu kuna selimundu (sickle cell), semeni mapema, hata kama mama ni mbebaji tu asiyeugua, kwa maana baadhi ya mashine hupotoshwa nayo.

Mashine ya kaka msiitupe. Siku ya kurudia nendeni nayo, mama achomwe kidole papo hapo anapotolewa damu ya mshipa, mjue inapishana kwa kiasi gani. Dawa msianze wala msiache kwa hesabu zenu. Lakini akiwa na kiu isiyokatika, anakojoa mara kwa mara au anakonda bila sababu, msingoje kurudia chochote, mpelekeni kwa daktari leo.