Nimepewa dili la redio ya FM wilayani, ninunue?

SWALI: Shikamoo. Mimi nafanya biashara ya mpunga hapa Kahama, kuna mzee mmoja anauza redio yake ya FM, anataka milioni 180, ndani yake kuna mnara, transmita ya wati 1000, studio mbili, gari bovu moja na frikwensi yenyewe. Anasema nimpe nusu tuandikishiane kwa mwanasheria alafu frikwensi anaihamishia jina langu ndani ya wiki. Redio naipenda tangu mtoto, nisije nikachelewa akaja mwingine. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela kaa nayo kwanza, na huyo "mwingine" anayekuja kila siku kwenye dili za namna hii mwache aje.

Frikwensi haiuzwi. Masafa, ndo hiyo frikwensi, ni mali ya nchi, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) inampa mwenye leseni ayatumie kwa muda fulani, kwenye eneo fulani, kwa nguvu fulani ya mtambo, basi. Leseni haihami mkono bila kibali cha TCRA cha maandishi, na hilo liko kisheria, sheria yenyewe ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kwa hiyo ukimpa mzee milioni 90 mkasainiana pale kwa wakili wa stendi, ulichonunua ni mixa, viti, na chuma kilichosimama kwenye kiwanja ambacho hata hujui ni cha nani.

Njia ziko mbili. Moja ununue vifaa tu, alafu uombe leseni yako mwenyewe TCRA, hapo unaanza upya na masafa unaweza usipewe yale yale. Ya pili ununue hisa za kampuni yenye leseni, yani kampuni inabaki ile ile ila wenye kampuni wanabadilika, na mabadiliko hayo nayo lazima TCRA wayapitishe kabla. Wengi wanapita hii ya pili kwa sababu redio haizimi hata siku moja na wasikilizaji hawajui kama kuna kitu kimetokea.

Sasa ukinunua hisa umenunua na madeni yote. Kodi za TRA za miaka ya nyuma, NSSF (ile asilimia 20 ya mshahara, na redio ndogo nyingi hapo ndo huwa pamelala), ada za leseni na za masafa, umeme, mirabaha ya miziki, pango la mnara, mishahara ya watangazaji ya miezi minne. Mwajiri kisheria ni kampuni, kwa hiyo yule binti wa kipindi cha asubuhi aliyefanya kazi miaka saba bila mkataba akidai chake anakudai wewe, sio mzee.

Kabla ya yote nenda BRELA, wale wanaosajili makampuni, lipia taarifa za kampuni, uone wenye hisa ni nani hasa. Hapa ndo dili nyingi zinapofia. Mzee anajiita mmiliki na mjini wote wanamjua ni mmiliki, unafungua karatasi unakuta ana hisa 40 kati ya 100, zilizobaki ni za kaka yake aliyefariki na mirathi haijawahi kufunguliwa. Huyo hawezi kukuuzia redio hata akitaka, mpaka watoto wa marehemu waende mahakamani wapate msimamizi wa mirathi. Alafu leseni yenyewe iangalie imebakiza muda gani, imetolewa kwa jina la nani, ni ya wilaya au ya mkoa, maana bei ya mkoa kwa leseni ya wilaya ni wizi.

Pesa isiende mkononi kwake. Iwekwe kwenye akaunti ya wateja ya wakili mnayekubaliana nyote, mkataba useme wazi kwamba mauzo yanakamilika TCRA ikikubali, ikikataa hela inarudi yote. Na muandike nani analipa kodi ya faida ya mauzo ya hisa, kwa sababu BRELA hawabadilishi jina la mwenye hisa bila kuona uthibitisho wa TRA, na hapo ndo wauzaji wanaanza kusema "si tulikubaliana utalipa wewe". Mzee akikataa masharti haya rudi kwenye mpunga wako.

SWALI: Mimi ni dada wa Njombe, nataka kununua redio na wenzangu wawili, mwenye redio ametuonyesha mahesabu ya 2024 na 2025, biashara inaonekana nzuri sana kila mwezi faida. Tuyaamini?

JIBU: Dada yangu, hiyo miwili ndo miaka ya kutoamini. Novemba 2024 kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, Oktoba 2025 uchaguzi mkuu. Misimu hiyo hata redio inayosikika kata tatu inapata hela, watia nia wanalipia vipindi, wanalipia salamu, wanalipia mpaka jingo. Omba mahesabu ya 2023, alafu omba na statementi ya benki ya miaka hiyo yote uweke pembeni ulinganishe mwenyewe, maana kwenye mahesabu wataandika tangazo lililopigwa hewani na benki itakuonyesha lililolipwa. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kuna redio zinadai halmashauri na taasisi hela za matangazo ya tangu mwaka juzi, na kwenye karatasi yote yanahesabiwa mapato.

Kingine muulize vipindi vya afya, kilimo na wasichana vilikuwa vinalipiwa na nani. Redio nyingi za wilayani ziliishi kwa mashirika, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya USAID mikataba mingi ilikatika katikati. Kama nusu ya mapato yalikuwa ya mradi mmoja uliokwisha, redio unayoiona sio unayonunua.

Wasikilizaji msiwaulize watu wa redio. Pandeni boda siku mbili, ingieni saluni, gereji, kwa mangi, mashine ya kusaga, msikie nini kimefunguliwa bila ninyi kuuliza. Na mkikuta watu wanataja jina la mtangazaji badala ya jina la redio, huyo mtangazaji kaeni naye kabla hamjasaini, akiondoka keshokutwa kwenda redio ya jirani anaondoka na mtaa mzima.

SWALI: Transmita ya wati 1000 inafika wapi? Muuzaji anasema mkoa mzima. (Fundi simu, Masasi)

JIBU: Muuzaji ni muuzaji kaka. FM inaenda kwa kuonana, kilima kikikaa katikati wati hazisaidii, urefu wa antena na mahali mnara uliposimama vina kazi kubwa kuliko transmita. Kutoka wati 500 kwenda 1000 umbali hauongezeki mara mbili, unaongezeka kidogo tu.

Ingia chumba cha mtambo mwenyewe. Angalia kioo cha transmita, kuna nguvu inayotoka na nguvu inayorudi, ile inayorudi ikiwa kubwa ujue antena au kebo ina maji, na mara nyingi utakuta mashine ya 1000 imeshushwa mpaka 300 ili isijizime. Sikiliza feni. Angalia kama kuna AC au ni dirisha tu. Toka nje uangalie waya wa ethi chini ya mnara, maana shaba inaibiwa na hakuna anayesema mpaka radi ipige, halafu nati na zile kamba za chuma zinazoshikilia mnara kama zimeshika kutu. Omba na kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) cha urefu wa mnara. Mwisho soma leseni inaruhusu nguvu kiasi gani, ikisema 500 basi hiyo 1000 unainunua ya nini?

SWALI: Naishi Toronto, nilishachukua uraia wa huku, nataka redio nyumbani Tanga. Binamu yangu amekubali jina liwe lake, hela yangu. Sawa?

JIBU: Sio sawa ndugu. Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo kwenye karatasi wewe ni mgeni, na mgeni kwenye redio haruhusiwi kuzidi asilimia 49 ya hisa. Chukua hizo 49 kwa jina lako halali, na 51 awe nazo Mtanzania anayeweka hela yake kweli. Hiyo ya binamu kuwa kivuli, kwanza BRELA siku hizi wanataka umtaje mmiliki manufaa, yani mwenye faida halisi, ukidanganya hapo umeshajiweka pabaya. Pili siku mkigombana utampeleka wapi? Kwenye kila karatasi redio ni yake, na makubaliano yenu ya WhatsApp ndo ushahidi kwamba mlikwepa sheria wote wawili. Nimeona familia zimeacha kusalimiana kwa ajili ya redio ya wati 300.

SWALI: Sisi ni kamati ya redio jamii huku Pemba, tumechoka, kuna tajiri anataka kuinunua. Tumuuzie?

JIBU: Hamna cha kuuza jamani. Redio jamii ni ya jamii, kamati mnaisimamia tu, haina hisa na faida yake haigawanywi. Tajiri akitaka afungue kampuni yake aombe leseni ya biashara, kwenu Zanzibar utangazaji unaanzia Tume ya Utangazaji na masafa ni TCRA. Kama mmechoka itisheni mkutano wa wanajamii mchague kamati nyingine, na huyo tajiri mwambieni redio jamii inapokea michango, solar mpya kwa mfano.