Shangazi, mwanangu ndo Absalomu?

Mama mmoja wa Kimara kaniandikia barua ndefu, naifupisha. Mwanae wa pili alikuwa anaendesha bajaji ya mkataba, kapeleka hesabu kwa bosi kila siku miezi 18 mpaka mkataba ukaisha, bajaji ikawa yake. Kaka mtu akaazima kadi ya bajaji, kumbe kaenda kuiweka rehani kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, siku ya siku wakaja wakaibeba. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alifoka siku moja akanyamaza. Mdogo mtu akakaa na kinyongo chake, mwisho akampiga kaka yake akamvunja mkono, akakimbilia Tunduma. Mama akamtuma shemeji yake akamrudisha, kashuka stendi ya Mbezi na begi moja, kapewa chumba cha uani. Huu mwaka wa pili baba hajamsemesha. Akitaka kitu anasema "mwambieni huyo mtu". Mwezi uliopita, wiki ya mgao wa maji, kijana kafungua bomba la simtanki usiku, lita 2,000 zote zikaishia uani. Jumapili yake mchungaji akahubiri Absalomu, yule mwana wa mfalme Daudi aliyemwasi baba yake, mzee kurudi nyumbani anasema umesikia, huyo ndo wako, afukuzwe. Mama anauliza: "Shangazi, mwanangu ni Absalomu kweli? Nikubali aondoke?"

Mdogo wangu pole sana, barua yako nimeisoma mara mbili na hilo neno "huyo mtu" limenikaa kooni mpaka sasa.

Mumeo hajakosea kumtaja Absalomu, ila naona kaanzia katikati. Wengi tunaanzia pale kijana anapanda gari la farasi na watu 50 wanakimbia mbele yake, alafu tunaruka mpaka kwenye ule mti aliponaswa akauawa. (Na hapo kwenye mti wahubiri wanapenda kusema alinaswa nywele, ujue Biblia yenyewe inasema kichwa.) Sasa leo usiku fungua 2 Samweli sura ya 13 uanzie hapo. Amnoni, mtoto mkubwa wa Daudi, kambaka Tamari, dada yake Absalomu. Mfalme Daudi kasikia habari yote, kakasirika sana, alafu basi, hamna kingine kilichoandikwa kwamba alimfanya Amnoni kitu. Tamari kakaa nyumbani kwa Absalomu ameharibikiwa, na huyo kaka mtu miaka 2 hakumsemesha Amnoni jema wala baya, kimya tu, mpaka siku ya kukata manyoya ya kondoo akawaambia vijana wake wamuue. Akakimbilia Geshuri kwa babu yake mzaa mama, miaka 3. Sijui kama unaona ninachokiona, mie nilipofika kwenye kausha damu yenu nilishaanza kukiona.

Alafu Yoabu, mkuu wa jeshi la Daudi, akafanya kama alivyofanya shemeji yako, akamrudisha kijana Yerusalemu. Daudi akakubali, ila akasema aende nyumbani kwake, uso wangu asiuone. Miaka 2 mingine mji mmoja na baba yake hawaonani. Absalomu anamwita Yoabu, haji, anamwita tena, haji, basi akawaambia watumishi wake kachomeni lile shamba lake la shayiri. Yoabu mbio akaja kuuliza kwa nini mmenichomea shamba! Na jibu alilopewa mwambie mumeo alisome mwenyewe, sura ya 14 mstari wa 32, kijana anasema sasa mie nilirudi kutoka Geshuri kufanya nini, bora ningebaki kulekule, nataka kuuona uso wa mfalme, na kama nina kosa aniue.

Hilo simtanki, mdogo wangu, ndo shayiri yenyewe. Simtetei, maji Kimara tunayajua, mtu akikumwagia lita 2,000 wiki ya mgao unaweza kulia, lakini kijana anayetaka kuwakomoa kwa kuwaibia angeuza hata tenki, huyu alitaka mtu atoke nje amuulize umefanya nini. Na hata hapo baba hakumuuliza yeye, kakuuliza wewe.

Sasa usije ukadhani nakwambia mfanye sherehe wakumbatiane mambo yaishe, hapana, hapo ndo watu wanakosea. Daudi mwishoni alimwita Absalomu, kijana akainama mpaka chini, mfalme akambusu. Sura imeishia hapo. Tamari hakutajwa, Amnoni hakutajwa, hamna aliyemwambia mwenzie nilikukosea hapa na wewe ulinikosea pale. Toka Tamari aumizwe ilishapita miaka 7 na Absalomu alikuwa na binti kampa jina hilohilo Tamari, kila akimwita mtoto anaukumbuka msiba wake, alafu unampa busu! Ukifungua ukurasa unaofuata ndo unakuta magari na farasi, kijana yuko langoni asubuhi na mapema anawadaka wenye kesi, anawaambia mna haki lakini kwa mfalme hamna wa kuwasikiliza. Na walimwamini, maana yeye mwenyewe hakusikilizwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Mzee wako msubiri akiwa ametulia, isiwe mbele ya watoto, wala usianze na mchungaji maana atajisikia umemshtaki kanisani. Muombe kitu kimoja tu, amwite kijana kwa jina lake waketi wazungumze habari ya bajaji, habari ya bajaji kabisa, siyo habari ya heshima. Kaka mtu awepo. Bajaji ililiwa na mtu anajulikana, aanze kulipa hata kidogokidogo kila mwezi na baba ndo asimamie, na kijana naye aombe radhi ya ule mkono, mkono wa mtu siyo mchezo. Kama akigoma kuomba radhi, au ukisikia ameshaanza kukaa kijiweni anawachafua kwa majirani, hapo niandikie tena, maana Absalomu alikuwa na kosa lake kubwa na lilimuua, sitaki kumpaka mafuta.

Mumeo akikutolea ile ya Kumbukumbu la Torati 21, mtoto mkaidi apelekwe kwa wazee wa mji, usibishane naye, mwonyeshe tu kwamba pale wanaomshika ni baba na mama wote wawili. Wewe hujamshika.

Na kama bado mgumu, msomee siku ya vita, Absalomu na baba yake. Watu 20,000 wamekufa siku hiyo, jeshi la Daudi limeshinda, mjumbe wa kwanza anafika mbio, Daudi haulizi habari ya ushindi anauliza kijana Absalomu yuko salama? Anafika wa pili, anauliza lilelile. Akipewa jibu anapanda chumba cha juu ya lango analia mwanangu Absalomu, mwanangu, mwanangu, heri ningekufa mimi badala yako. Mwanangu mara ngapi pale, zihesabuni wenyewe. Muulize mumeo, hilo jina la mwanae mara ya mwisho alilitamka lini.

Simtanki alijaze huyohuyo kijana, maji yakitoka, ndoo kwa ndoo, na mpira wa maji mfiche.