Rauta ilishakuwa na mwenyewe, mimi nahangaika na seva

Juzi dogo mmoja wa Iringa kanitumia meseji, "bro nimepata kazi ya kwanza ya pentesti, nianze na seva au kompyuta za ofisini?" Pentesti ni kujaribu kuvamia mtandao wa mtu kwa ruhusa yake, umwonyeshe matundu ya usalama. Nikacheka peke yangu, maana na mimi nilianzaga na seva.

Mwaka jana mwezi wa sita, baridi la Mbeya mnalijua, nikapewa kazi ya kupima mtandao wa saccos moja maeneo ya Mwanjelwa. Barua ya ruhusa ninayo imesainiwa, bila hiyo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhusu hata kama nia yako safi. Siku mbili nachokonoa seva tu, matundu kibao, nikajiona fundi. Kila jioni naandika orodha ya matundu naituma kwenye seva yangu kwa FTP, FTP jamani, ile njia ya kutuma mafaili isiyoficha kitu, tena kwa waifai ya palepale.

Rauta, kile kiboksi kinachogawa intaneti, ilikuwa juu ya kabati imejaa vumbi, wakaniambia hiyo ya watu wa intaneti achana nayo. Siku ya tatu mtandao ukawa mzito, nikaomba ruhusa nikaingia, jina admin na pasiwedi admin, zilezile za kiwandani. Nikaishiwa nguvu. DNS, ile inayotafuta anwani za tovuti, imeelekezwa kusikojulikana, kuna yuza wa pili hakuna anayemjua, na data yote inayopita inakopiwa kwenda anwani ya nje. Orodha yangu yote na pasiwedi juu, nimempelekea mwizi mwenyewe.

Meneja, mama mpole tu, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, wewe ndo umewaonyesha mlango?" Mpaka leo inaniuma.

Sasa nyie mnaojiita mahaka kisa mmeweka Kali Linux, ile mfumo yenye zana za kudukulia, kwenye laptopu, anzeni na rauta. Ruhusa iitaje kwa jina, na kama ni ya mtoa huduma mtafuteni na yeye. Ripoti tuma kwa bando lako, tena imefungwa kwa usimbaji. Ukikuta imeingiliwa usikimbilie kuriseti, kopi setingi kwanza, huo ndo ushahidi. Na kuzima na kuwasha tu hakutoshi, VPNFilter, programu hasidi ya 2018, iliingia rauta na vifaa vingine visivyopungua 500,000 kwenye nchi zisizopungua 54, na sehemu yake ya kwanza ilikuwa inabaki hata ukizima. Rauta jamani, rauta kwanza.

Dogo kanijibu, "sawa bro, ila rauta yao wamesema nisiiguse."