Jibu: Meza ya chipbodi inayoyumba ninapochapa

Ndugu, umeuliza kama meza yako ya chipbodi, ambayo huyumba kila unapochapa na skrubu zake hulegea hata ukizikaza, inafaa kutupwa. Usiitupe kwanza. Meza za aina hii huyumba kwa sababu miguu imeshikwa na skrubu chache tu, bila kitu kinachoizuia isiende kushoto na kulia. Hivyo kila mtikisiko huila chipbodi, ambayo ni chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, mpaka tundu linapanuka na skrubu kukosa pa kung'ata.

Fungua skrubu zilizolegea, jaza kila tundu kwa kijiti cha mbao kilichopakwa gundi nyeupe ya mbao, ukiache kikauke kwa saa 24, kisha ukate kilichobaki juu na kurudisha skrubu kwa bisibisi ya mkono, taratibu. Baada ya hapo, funga kipande cha plaiwudi cha milimita 9 nyuma ya meza, kutoka mguu hadi mguu, kikiwa na upana wa angalau sentimita 30, kwa maana hicho ndicho kitakachoondoa mtikisiko wenyewe. Vyuma vya pembe husaidia, lakini peke yao havitoshi.

Uzuie maji ya kudekia yasifike miguuni, kwani chipbodi ikilowa huvimba na hairudi. Ikiwa imekwisha kuvimba, ni afadhali uwaone mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, wakuchongee meza ya mninga.