Maswali na Majibu: Mtoto Anayeuliza, Mtoto Anayekosea

Mwanangu wa miaka 4 anauliza "kwa nini?" tangu anapoamka mpaka anapolala. Lazima nijibu yote?

Si lazima, wala hakuna awezaye. Ila usimnyamazishe. Akiuliza kwa nini meli inaelea na msumari unazama, mpe bonge la udongo wa kufinyangia na beseni la maji. Bonge litazama. Akilitanua liwe bakuli, udongo uleule utaelea, kwa kuwa sasa unasukuma maji mengi zaidi. Ukiwa umechoka, mwambie mtalirudia swali jioni, na jioni ulirudie kweli.

Binti yangu wa miaka 10 alificha karatasi ya mtihani aliofeli. Nimwadhibu?

Mimi nisingeanza na adhabu. Ningejiuliza aliogopa nini. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wa rika lake. Baada ya zoezi la kwanza, baadhi walisifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Likaja zoezi gumu, wakashindwa. Walipotakiwa kuwaandikia wanafunzi wengine matokeo yao, karibu 4 kati ya 10 waliosifiwa akili walijiongezea alama. Kwa waliosifiwa juhudi, ni kama 1 tu kati ya 10.

Hilo huniuma kila nikilikumbuka, maana sifa hizo tunazitoa kwa upendo. Mtoto aliyezoea kuitwa "kichwa" huona alama mbaya inamvua jina lake. Mwambie umeiona karatasi na hujakasirika. Chagueni swali moja tu, mlifanye pamoja. Habari ya kuficha mtaizungumza akishatulia.

Akikosea hesabu, nimsahihishe papo hapo?

Kwanza muulize amefikaje hapo. Mtoto anayeandika 52 − 38 = 26 hakubahatisha: ametoa 2 kwenye 8, na 3 kwenye 5, kila mara tarakimu ndogo kwenye kubwa. Ukimtajia 14 tu, kesho atarudia yaleyale. Mpe vijiti 52, mafungu matano ya kumikumi na viwili pembeni, atoe 38. Atalazimika kufungua fungu moja, na hapo ndipo ataelewa.

Anafungua kila kifaa. Nimzuie?

Tochi mbovu au saa ya ukutani, betri zikishatolewa, mwachie na bisibisi. Televisheni na maikrowevu asiguse, hata zikiwa zimechomolewa, kwani umeme hatari unaweza kubaki ndani. Mpe na kopo, skrubu zisipotee.