Kisu cha kukunja kimetoka kipya, nibadili au nibaki na cha zamani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mikindani, nashinda sana baharini na msimu wa korosho nakwenda shambani kwa mzee huko Nanyamba. Nina kisu changu cha kukunja cha mfukoni, kwenye bapa kimeandikwa 8Cr13MoV, ndo aina ya chuma chake. Sasa kuna jamaa Mtwara mjini anauza cha aina ileile toleo jipya, anasema kimeboreshwa, chuma ni D2, kwenye mhimili, pale bapa linapokunjikia, kina beringi (vigololi) badala ya washa (vijisahani bapa vyenye tundu), na klipu inakizamisha chini kabisa mfukoni. Bei karibu mara mbili ya nilichonunulia hiki. Niongeze hela?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo muuzaji hajakudanganya, kimeboreshwa kweli, ila kimeboreshewa mtu mwingine, sio wewe wa Mikindani.

Tuanze na chuma maana hapo ndo hela yako inapoenda. D2 ina kaboni kama 1.5% na kromiamu kama 12%, hicho chako kina kaboni 0.8% na kromiamu 13%. Ukisoma haraka utasema 12 na 13 si walewale tu, lakini sivyo, kwa sababu kaboni ikiwa nyingi inaikamata kromiamu zinatengeneza chembe ngumu humo ndani, na chembe hizo ndo zinafanya makali yakae muda mrefu bila kunoa, sasa kromiamu iliyokamatwa huko haikukingi tena na kutu, inayokukinga ni ile iliyobaki huru na kwenye D2 inabaki kidogo. Kiasili D2 ni chuma cha viwandani, cha vifaa vya kukatia na kubonyezea vyuma vingine. Mtu wa Dodoma anayefungua maboksi ya dukani kutwa nzima atakifurahia sana. Wewe unapasua samaki kwenye ngalawa, unakifuta kwenye kaptula iliyoloa chumvi, unakikunja, unakitia mfukoni, kesho asubuhi ukikifungua vidoa vya kahawia vipo pale shingoni karibu na mhimili ambapo kitambaa huwa hakifiki. Na mabibo nayo usiyasahau, yale maji yake yana tanini na asidi, chuma kisichokuwa stenlesi kamili kinapata weusi haraka tu.

Halafu ukae ukijua, siku D2 ikiwa butu ndo utamtafuta mchawi. Kile kinoo cha mawe unachotumia kwa kisu chako cha sasa dakika chache unamaliza, kwa D2 utasugua mpaka mkono uchoke, wenzako wanatumia bamba la almasi.

Beringi, kiukweli, ni raha ya kidole. Kinafunguka chwaa, unajisikia. Lakini vile vigololi vinakaa kwenye vishimo na mchanga laini ukiingia humo hautoki mpaka ufungue skrubu, na mchanga wa Msimbati unaujua mwenyewe. Washa za shaba zinafungua kwa uzito kidogo ila ukitumbukiza kisu kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ukakichezesha mara kadhaa kinaendelea na kazi. Klipu hiyo nakubali, ni maboresho ya kweli, ila nani analipa mara mbili kwa ajili ya klipu?

Kama unataka kujua maboresho ninayoyaheshimu ni yapi, tazama kisu cha kukunja cha Opinel, cha Ufaransa. Kisu ni cha tangu 1890, mwaka 1955 wakaweka pete ya kuzuia bapa lisikukunjikie vidoleni, mwaka 2000 wakairekebisha pete ileile izuie hata kikiwa kimefungwa kisifunguke mfukoni. Basi. Umbo hawakuligusa.

Kwa hiyo baki na chako, kioshe kwa maji baridi ukitoka baharini, kikauke kikiwa wazi, tone moja la oili ya cherehani kwenye mhimili. Ukitaka lazima kutumia hela, ulizia chenye chuma cha 14C28N, kromiamu 14% na kaboni kama 0.6% tu pamoja na nitrojeni kidogo, kinanoleka vizuri na kutu kinaivumilia kuliko vyote viwili. Kuna na chuma cha H1 cha Kijapani ambacho kampuni ya visu ya Spyderco ilikitumia kwenye visu vya baharini, hicho kutu hakiijui, ila bei yake kaka, kwa hela hiyo unanunua hata nyavu.

SWALI: Habari fundi, mimi ni mama lishe Lindi mjini. Kisu changu cha kukunja kile kibati cha ndani kinachozuia bapa kimeanza kuteleza nikikandamiza, kijana wa jirani kaniambia nipake grisi.

JIBU: Dada yangu, grisi hapo hapana kabisa! Kibati kile kinashika kwa msuguano, ukikilainisha ndo kinateleza zaidi na bapa linarudi kwenye vidole. Kifute chenyewe na kile kisigino cha bapa kinapoegemea kwa pamba yenye spiriti mpaka mafuta ya samaki yaishe, kaza skrubu ya mhimili, kisha fungua kisu uchungulie: kibati kinatakiwa kiingie nyuma ya bapa vizuri, kikigusa ukingoni tu kimelika. Jaribu kwa kubonyeza mgongo wa bapa kwenye ubao huku vidole vyote vikiwa nje ya njia yake. Kikikubali tena kukunjika, mpe fundi akipinde, akishindwa kanunue kisu cha kawaida cha jikoni, kwa kazi yako ya vitunguu na samaki wala hukuhitaji cha kukunja.