Mbona Setilaiti Yasema Hewa ni Kavu, Nasi Twatoka Jasho?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa jiografia. Mwezi Machi, siku chache kabla ya masika, niliwaonyesha wanafunzi picha ya setilaiti iitwayo picha ya mvuke wa maji. Juu ya pwani yetu palikuwa na doa kubwa jeusi, na maelezo yalisema kuwa weusi ni dalili ya hewa kavu. Wakati huohuo mashati yalikuwa yametuganda mwilini, na nguo zilizoanikwa tangu asubuhi zilikuwa bado mbichi. Je, setilaiti ilikosea? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Setilaiti haikukosea, Mwalimu. Ilikuwa ikitazama hewa iliyo juu sana ya ile mnayoivuta, na jambo hili huwatatiza hata watu waliozoea kuzisoma picha hizo.

Mvuke wa maji hauonekani kwa macho, lakini hufyonza baadhi ya mionzi ya joto inayopanda kutoka ardhini na baharini, kisha nao hutoa mionzi yake kulingana na joto la mahali ulipo. Setilaiti za Meteosat, zinazokaa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, hupima mionzi hiyo, na ile ya kwanza iliyorushwa mwaka 1977 tayari ilikuwa na chaneli ya mvuke, yaani sehemu inayopima ile mionzi tu ambayo mvuke huifyonza. Kizazi cha pili, kilichoanza kurushwa mwaka 2002, kina chaneli mbili za namna hiyo, moja kwenye mionzi yenye urefu wa wimbi wa maikromita 6.2 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na nyingine kwenye 7.3, nacho hutoa picha mpya kila baada ya dakika 15.

Kwenye maikromita 6.2 mvuke hufyonza kwa nguvu mno, hata mionzi inayotoka karibu na ardhi humezwa yote njiani isifike angani. Inayofanikiwa kutoka ni ile ya tabaka la juu, takriban kati ya kilomita 5 na 10. Tabaka hilo likiwa na mvuke mwingi, setilaiti huona hewa ya juu yenye baridi, nayo huchorwa nyeupe. Likiwa kavu, macho ya setilaiti hupenya chini zaidi hadi kwenye hewa yenye joto, nayo huchorwa nyeusi. Doa mliloliona lilieleza ukavu wa huko juu tu. Chaneli ya 7.3 hushuka chini kidogo, lakini nayo haifiki mlipo ninyi, ilhali zaidi ya nusu ya mvuke wote wa angahewa umo katika kilomita mbili za chini. Naona ni makosa kuziita picha hizi za mvuke bila kutaja kimo chake, na ningependa wanafunzi wako walijue hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Anayetaka jumla ya mvuke, kuanzia ardhini hadi juu, hutumia njia nyingine. Jumla hiyo hutajwa kwa milimita, yaani kina cha maji ambayo yangepatikana kama mvuke wote ulio juu ya mahali fulani ungegeuka maji. Milimita moja ni sawa na lita moja juu ya kila mita ya mraba. Wastani wa dunia ni kama milimita 25, na katika pwani za joto huweza kupita 50.

Kipimio cha MODIS, kilichorushwa kikiwa ndani ya setilaiti ya Terra mwaka 1999, hulinganisha mwanga wa jua ulioakisiwa na ardhi kwenye maikromita 0.94, ambapo mvuke huufyonza, na mwanga wa karibu yake usioguswa sana na mvuke. Njia hii hufaa nchi kavu, mchana, pasipo mawingu. Baharini hutumika mawimbi ya mikrowevu ya karibu gigahezi 22, ambayo hupita mawinguni usiku na mchana. Bahari hutoa mawimbi hayo kwa udhaifu, hivyo mvuke hudhihirika juu yake, lakini nchi kavu huyatoa kwa wingi na mvuke ukapotea humo. Tanga basi imekaa pagumu: eneo linalosomwa kwa mara moja huwa na upana wa makumi ya kilomita, hivyo ufuo na Mkondo wa Pemba huchanganyika katika kipimo kimoja.

SWALI: Kama setilaiti ni nyingi hivyo, mbona maputo ya kupima hali ya hewa bado yanarushwa? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kwa sababu setilaiti haiugusi mvuke. Hupima mionzi, kisha wataalamu hukokotoa ni mvuke kiasi gani ungeweza kuitoa, na hesabu hiyo huhitaji kipimo cha kuisahihisha. Puto linalorushwa kutoka kituo cha Dagoretti, hapo jijini kwenu, hubeba kihisi kinachopita ndani ya hewa yenyewe na kutuma unyevu wa kila kimo kadiri linavyopanda. Upungufu wake ni kwamba hupima njia moja tu, kwa saa chache za siku, na juu ya Bahari ya Hindi, unakotoka mvuke mwingi wa mvua zetu, karibu hakuna wa kulirusha.